Ampu Kabatini

Sheria imebandikwa chini, kando ya masanduku ya barua:
baada ya saa nne usiku, kimya.
Hapa Tampere sheria haibishiwi,
inasomwa mara moja, kama jina la mtaa.

Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kompyuta.
Nilichomeka gitaa kwenye kisanduku chekundu,
nikavaa hedifoni, nikafungua programu:
ampu arobaini na moja zimepangwa kwenye kioo,
zina ngozi ya kuchora, vumbi la kuchora,
hata kutu ya skrubu imechorwa.
Nagusa moja, niko ukumbini.
Nagusa nyingine, niko gereji kwa mtu nisiyemjua.
Nje theluji inashuka, bomba la joto linakoroma,
na Raili wa ghorofa ya pili amelala fofofo,
hajui kwamba juu ya kichwa chake
kuna mtu anavunja madirisha kwa nyuzi sita.

Sikudanganyi, ilikuwa raha.
Leo napiga kavu,
kesho nauvisha wimbo mkwaruzo niutakao,
kama mwanasesere anayebadilishwa nguo.
Tatizo ndilo hilo. Nguo zilikuwa nyingi.
Wimbo wa dakika tatu niliuvisha na kuuvua wiki tano,
ya sita nikaanza upya na viatu.

Ndipo Ilpo, aliyekuwa akihamia Oulu kumfuata mkewe, akaniachia yake:
wati tano, spika moja ya inchi nane,
mpini umefungwa kwa kamba ya kiatu.
"Ina vitufe viwili," akasema, "na kimoja hakifanyi kazi."

Jumamosi, saa saba mchana, sheria imelala.
Nikaiingiza kabatini, katikati ya makoti,
nikaielekezea maikrofoni, vidole viwili kutoka kwenye kitambaa,
nikasogeza kushoto, nikasogeza tena,
upana wa punje ya mchele, sauti ikawa nyingine.
Vali zikawaka rangi ya chai.
Nikapiga uzi mnene kuliko yote
na suruali ikatetemeka kwenye goti.

Goti! Ndani ya hedifoni sijawahi kuwa na goti.
Nilikuwa kichwa tu na vidole kumi.

Raili akagonga bomba kwa kijiko.
Mara mbili. Sheria zake hazikubandikwa popote.
Nikashusha sauti, ampu ikaona haya,
ikaongea kama mtu aliyejifunika blanketi,
nikarekodi hivyo hivyo, mara tatu, basi.
Ya tatu ina jokofu ndani yake. Nimeiacha.

Jumatatu nikamsikilizisha Tuire, mpiga ngoma wetu,
zote mbili, bila kumwambia ipi ni ipi.
Alifumba macho, huku akitafuna mkate mweusi.
"Ya kwanza," akasema. "Hiyo ndiyo ampu. Inapumua."
Ya kwanza ilikuwa kompyuta.
Namba kumi na saba, yenye kutu ya kuchora.

Nilinyamaza. Nikamwongezea kahawa.

Usiku ule neno lake lilikaa kama mfupa kooni.
Masikio ya Tuire si mabovu;
ngozi ya ngoma ikilegea kidogo tu, yeye anajua.
Basi labda msikilizaji hadaiwi goti langu.
Yeye alitaka wimbo.
Mimi ndiye niliyetaka kutetemeka.

Wimbo umetoka na namba kumi na saba.
Na ampu haikufungwa tena kwenye boksi.
Jumamosi, saa saba mchana, naiwasha, siweki maikrofoni.
Raili ana kijiko chake, mimi nina kitufe changu kimoja kizima;
tumeelewana mahali fulani, kati ya mbili na tatu.

Alfajiri naenda kazini, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Ndani ya tramu nainamisha pua kwenye kola:
koti linanuka vumbi lililoungua,
vali, mbao iliyopata moto,
na mama mmoja wa kiti cha mbele anageuka,
ananusa, anatazama dari,
anatafuta kinachowaka.